Supu ya Kabla ya Kuku

Jumatatu, 3 Juni

Siku njema sana. Kikao cha walimu kimeniletea bahati. Mkuu wa shule ametangaza kwamba kile chumba cha mwisho wa korido, kilichokuwa ghala la madawati mabovu, kimekarabatiwa. Sinki! Bomba lenye maji! Dirisha linalofunguka! Atakipata mwalimu mmoja wa sayansi, yule ambaye onyesho lake litawavutia zaidi wazazi Siku ya Wazi. Mada ni moja kwa wote: uhai ulianzaje?

Mimi ni mwalimu wa biolojia. Uhai ni wangu. Na chumba nakihitaji kweli, maana nafundishia nyuma ya jukwaa la ukumbi, na upande wa pili wa pazia kwaya inafanya mazoezi. Juzi nilieleza mmeng'enyo wa chakula huku waimbaji wa sauti nzito wakirudia mstari mmoja hadi kengele. Kwenye jaribio, nusu ya darasa wameandika kwamba utumbo mpana huimba besi.

Mpinzani ni mmoja tu, mwalimu wa kemia. Bahati mbaya ni dada mkubwa wa mke wangu. Shemeji ni mtu wa kufunga kila chupa mara anapomaliza kuitumia. Sijui mke wangu alikuaje mchangamfu hivi, kulelewa na mtu wa namna hiyo.

Shemeji kasema ataonyesha umetaboli, yaani ile kazi ya kujenga na kubomoa inayoendelea ndani ya kila kiumbe. Eti kazi hiyo ilitangulia. Eti ilianza yenyewe chini ya bahari, kwenye matundu ya maji moto yenye kuta za chuma na salfa, kabla hakujawa na mwili wa kuifanya. Kazi bila mfanyakazi! Nimefanya kazi serikalini muda mrefu, nimeona wafanyakazi bila kazi. Hii ya kwake ni mpya.

Nikasimama nikasema mimi nitapika asidi amino, matofali yanayojenga protini zote, kutokana na maji, gesi na radi tu. Supu ya dunia changa! Walimu wakaangua kicheko. Mwalimu wa michezo akauliza kama itakuja na ndimu.

Nimemsamehe.

Jumanne, 4 Juni

Radi nimeipata! Ilikuwa inaning'inia sebuleni kwangu siku zote, ukutani juu ya cherehani: raketi ya umeme ya kuulia mbu.

Mke wangu ni fundi wa nguo, na raketi ni yake. Akauliza naitakia nini. Nikamwambia kuumba matofali ya uhai. Akaendelea kushona pindo. Akasema sawa, ila mbu wa sebuleni hawatangoja sayansi, basi nisichelewe kuirudisha.

Mtambo ni rahisi mno, nashangaa wengine wanahangaika. Sufuria. Ndani yake maji ya soda yasiyo na ladha, kwa ajili ya gesi ya kaboni. Matone ya amonia kutoka kabati la shule, kwa ajili ya naitrojeni. Raketi juu ya sufuria kama mfuniko, kitufe nimekibana kwa kibanio cha nywele. Tap! Tap! Cheche za bluu!

Nikavuta kiti, nikakaa uani jioni nzima nikitazama dunia ikiwa changa. Hewa nzuri. Upepo kidogo. Nilijisikia kama mwenye nyumba.

Alhamisi, 6 Juni

ZAMBARAU! ZAMBARAU! ZAMBARAU!

Nieleze. Kuna dawa inaitwa ninihidrini. Unaidondosha kwenye karatasi pamoja na supu yako, unaipasha karatasi moto, na kama mna asidi amino, rangi ya zambarau inatokea. Moto wangu ulikuwa pasi ya mke wangu. Karatasi iligeuka zambarau kama biringanya. Kitambaa chake cha kupigia pasi nacho kiligeuka, lakini hilo nitalieleza siku nyingine.

Nikachukua sufuria hadi kwa Shemeji, mikononi, kama mtu anayepeleka mtoto mchanga kwa ndugu. Akaitazama kwa muda. Akachukua kibanio kidogo, akakichovya, akatoa kitu chembamba. Akakiweka kwenye kigae cheupe. Akachovya tena.

"Shemeji," akasema kwa upole, "huu ni mguu."

Mguu wa mbu! Na mwingine. Na bawa. Raketi ilikuwa imefanya kazi iliyonunuliwa kuifanya, na kila aliyeuawa alitumbukia kwenye dunia changa. Mbu ni protini tupu. Shemeji akaniambia nimethibitisha vizuri kabisa kwamba mbu ameumbwa kwa asidi amino.

Nikamjibu kwamba huo nao ni mwanzo. Nimerudi nyumbani nikiwa na furaha. Dawa inafanya kazi, pasi inafanya kazi, na uani hakuna mbu hata mmoja.

Jumapili, 9 Juni

Jaribio la pili nililifanya kisomi. Chupa yenye kizibo cha mpira, waya mbili kutoka kwenye raketi zikipita katikati ya kizibo, cheche ndani, mbu nje. Leo Shemeji alikuja kula nasi mchana. Nikaona ndiyo nafasi. Kabla chakula hakijapakuliwa nikapiga karatasi pasi mbele yao wote wawili.

Zambarau ikatokea! Nikainua mikono kama mfungaji wa goli.

Mke wangu akaisogelea karatasi. Akaigeuza huku na huku. Akasema anaijua. Akaniomba dole gumba. Akaliweka kando ya ile zambarau. Mistari ileile. Kovu nililokatwa na kopo la maziwa, lilelile. Ilikuwa picha ya dole gumba langu, safi kuliko ile ya kwenye kitambulisho changu.

Shemeji akaeleza kwamba jasho la vidole lina asidi amino, na hata polisi hutumia dawa hiyohiyo kutafuta alama za wezi. Mke wangu alicheka hadi akaweka bakuli chini. "Mume wangu," akasema, "wewe ungekuwa mwizi ungekamatwa na pasi."

Na kweli, vidole vyangu vyote sasa ni zambarau. Havitoki kwa sabuni. Havitoki kwa chochote.

Baada ya kula, Shemeji akafanya jambo la kushangaza. Akasema wazo langu si baya. Tatizo ni uchafu na hewa. Dunia changa haikuwa na oksijeni ya kupumua, na oksijeni huharibu kitu chochote ninachojaribu kupika. Akanikaribisha maabara kwake. Tutavaa glavu. Tutaifukuza hewa kwa gesi ya siki na magadi. Tutatia unga kidogo wa chuma kuikamata oksijeni itakayobaki.

Nikahisi mtego. Mpinzani hakupi glavu bure! Nikamwita mke wangu jikoni kumwuliza. Akasema dada yake amekuwa hivyo tangu utotoni, akiona kitu kimefanywa ovyo hawezi kulala. Nikakubali, kwa sharti kwamba jina litabaki langu peke yangu. Shemeji akasema jina hataki, anataka tu niache kugusa vitu.

Jumatano, 12 Juni

Msiba mdogo. Chupa ya jaribio la tatu imepigwa radi tangu juzi, kwa glavu, bila hewa, bila mbu, bila mimi. Maji yamegeuka rangi ya chai hafifu. Tukatia dawa. Tukapasha moto.

Hakuna kitu. Karatasi nyeupe kama ilivyotoka dukani.

Shemeji, badala ya kusikitika, alifurahi. Akasema huenda zimo, ila ni chache mno kwa dawa yetu, zinahitaji mashine ya chuo kikuu. Akaibandika chupa utepe: USIGUSE. Nikamwuliza nitawaonyesha nini wazazi, chai? Akasema niwaeleze ukweli, kwamba jambo hili ni gumu na bado watu wanalitafuta.

Ukweli! Kwa wazazi! Siku ya Wazi, Jumamosi hii!

Onyesho lake mwenyewe limekamilika. Ndani ya jagi kubwa la kioo ameotesha mabomba ya madini, membamba, ya kijani na ya kutu, yanapanda juu yenyewe kama minara ya mchwa. Anasema kwenye kuta kama hizo, gesi kutoka ardhini na chuma vingeweza kuunda viambato vidogo, na viambato hivyo vikiongezewa naitrojeni vinakuwa asidi amino za kwanza kabisa, bila radi. Ni mazuri, sitasema uongo. Lakini yanavunda! Mayai viza! Mwalimu wa michezo aliingia akatoka kinyumenyume.

Nimefarijika sana. Hakuna mzazi atakayesogelea mayai viza.

Ijumaa, 14 Juni

Ninaandika nikiwa mtulivu. Nimepata suluhisho, na si udanganyifu. Nimelifikiria kwa makini wakati nakunywa chai.

Asubuhi nilikuwa jikoni natafuta sukari. Nikaona pakiti ya vidonge vya supu ya kuku. Nikasoma nyuma, kama msomi anavyosoma kila kitu. Glutamati! Hiyo ni asidi amino! Imeandikwa na kiwanda!

Basi fikiria. Dunia changa ilipewa mamilioni ya miaka. Mimi nimepewa hadi kesho asubuhi. Je, ni haki? Kidonge kimoja kinasawazisha tu. Na huenda asidi amino zimo tayari mle chupani, Shemeji mwenyewe kasema, sasa nazipelekea wenzao.

Nikaingia maabara ya Shemeji wakati wa mapumziko ya mchana. Nikafungua kizibo. Nikatumbukiza. Nikatikisa. Nikapima: zambarau ya kifalme!

Kisha nikaandika bango la matokeo. Nilikusudia kuandika asidi amino moja au mbili, lakini karatasi ya manila ilikuwa kubwa na nafasi ilibaki. Nimeziandika zote ishirini zinazojenga protini.

Jumamosi, 15 Juni

Siku ya Wazi. Niiandike yote kabla sijaipendezesha.

Asubuhi ilikuwa yangu! Nilipasha chupa moto kidogo ili mvuke uonekane. Watu wakaja. Walipita jagi la Shemeji wameziba pua, wakafika kwangu wakavuta pumzi ndefu, wakabaki. Mzazi mmoja alifumba macho. Mwingine aliuliza kama vikombe viko wapi. Mkuu wa shule alizunguka meza yangu akitabasamu, akasema anaona kile chumba kimepata mwenyewe. Nilitazama upande wa Shemeji. Alikuwa anamweleza bibi mmoja, peke yake, kuhusu chuma na salfa, kwa subira, kana kwamba bibi yule ndiye umati.

Bibi yule akaja kwangu. Mrefu, viatu vya kutembelea, miwani kwenye kamba. Akasoma bango langu lote. Mkuu akamtambulisha: mtafiti kutoka chuo kikuu, amealikwa kuwa jaji. Kazi yake ya miaka mingi ni hiihii, ni asidi amino zipi zilianza kutumiwa na uhai na zipi zilikuja mwisho.

Nikasikia jasho. Lenye asidi amino.

Akauliza kwa heshima kama kweli nimepata triptofani. Nikasema tele. Akanieleza, taratibu, mbele ya wote. Zile sahili kama glisini na alanini hupatikana hata kwenye vimondo, zinaweza kujitokeza bila kiumbe chochote. Triptofani ni habari nyingine. Ni kubwa, kuiunda ni safari ndefu ya hatua nyingi, na wengi wanaamini uhai wenyewe ndio ulioibuni baadaye, ulipokwisha kuwa fundi. Kudai imetoka kwenye maji na cheche, akasema, ni kama kufukua mtungi wa kale na kukuta ndani yake chaja ya simu.

Halafu akainama juu ya chupa. Akanusa. Akanusa tena.

"Mwalimu," akasema, "mbona inanukia kuku?"

Wote ukumbini wakageuka. Hata kwaya! Nikafikiri haraka. Nikamwambia kwamba si supu yangu inayonukia kuku. Ni kuku ndiye anayenukia asili.

Kwa dakika moja hivi nilidhani nimepona. Mwalimu wa michezo alipiga makofi. Lakini mtafiti hakucheka. Alivua miwani. Akauliza, kwa sauti ya chini iliyokusudiwa mimi tu, kama kabla ya kuku chupani kulikuwa na jaribio la kweli. Nikasema kulikuwa. Safi? Safi, kwa glavu, bila hewa. Akafumba macho kidogo. Akasema basi ni hasara kubwa, maana kama kulikuwa na kitu mle ndani, sasa hakuna mtu atakayejua kamwe.

Hapo ndipo niliumia. Aibu naijua, nimeizoea, inapita. Hii ilikuwa nyingine. Nilikumbuka ile chai hafifu ikipigwa radi na Shemeji akiichungulia kama mtu anayechungulia kitanda cha mtoto. Nikageuka nikawaambia wanafunzi wangu ukweli: kidonge cha supu, mimi, jana mchana. Mkuu akaacha kutabasamu. Wazazi wakaanza kuondoka, ingawa polepole, kwa sababu ya harufu.

Shemeji akaja. Nilisubiri maneno. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti lake jeupe, akatoa kibomba kidogo cha kioo, kimezibwa, ndani yake rangi ya chai. Akamkabidhi mtafiti. Akasema alikitenga Jumatano, kabla hajabandika utepe.

Nikamwuliza alijuaje kwamba nitagusa. Akanitazama bila ubaya wowote.

"Shemeji, nakujua tangu ulipokuja kumchumbia mdogo wangu ukaegemea rafu ya vyombo."

Alhamisi, 20 Juni

Wiki ya kimya. Nimefundisha nyuma ya pazia. Vidole vimeanza kupauka.

Leo mtafiti akapiga simu kwa Mkuu, Mkuu akatuita wote wawili. Akaweka simu mezani tusikie. Mashine imekipima kile kibomba. Glisini ipo! Kidogo mno, lakini ipo. Na dalili ya alanini. Mtafiti kasema wengine walishapata hayo zamani, kwa mitambo mizuri zaidi, lakini hajawahi kuona yakitoka kwenye raketi ya mbu.

Akauliza ule unga wa chuma ulikuwa wazo la nani. Nikakohoa. Nikasema la Shemeji. Imenitoka tu.

Akasema ndiyo maana anapenda tuendelee pamoja. Radi inaweza kuleta vitu. Lakini vitu vikikaa bure havifanyi uhai, kama vile rundo la tofali si nyumba. Kuta za Shemeji ndizo zenye kazi. Huenda mwanzoni vyote viwili vilihitajiana, na hakuna ajuaye kwa hakika. Anataka chupa mpya: madini ya Shemeji ndani, radi yangu juu, bila hewa, ifungwe na isifunguliwe hadi mwisho wa mwaka.

Mkuu akatupa chumba. Wote wawili, ufunguo mmoja, na ufunguo akampa Shemeji. Sikujali. Nilifungua lile dirisha. Linafunguka kweli! Shemeji akalisimamisha kwa kipande cha ubao lisibamize, tukasimama pale tukisikiliza maji yakitoka bombani kwa sababu tu yanaweza kutoka.

Nyumbani mke wangu alisikiliza yote. Akanikumbatia. Akasema sasa anunuliwe raketi nyingine.

Jumapili, 23 Juni

Chupa imefungwa jana. Nzuri sana. Minara ya kijani chini, cheche za bluu juu, nta kwenye kizibo, mihuri, sahihi mbili. Mbele ya mke wangu na mama mkwe nimeahidi kutoigusa. Nimeahidi kwa moyo wote. Nimejifunza mengi mwezi huu: subira, usafi, kumsikiliza mwenzio. Ninajisikia mtu mpya.

Jambo moja dogo linanisumbua. Nimekaa tangu mchana nikiwaza kwa nini dunia ilichukua mamilioni ya miaka kwa kazi ambayo, ukiitazama, si kubwa. Na jibu nimelipata, wala sijaliona kwenye kitabu chochote. Hapakuwa na msimamizi! Vitu vilikuwepo, radi ilikuwepo, kuta zilikuwepo. Hakukuwa na mtu wa kukoroga.

Kesho Shemeji anampeleka mama mkwe kliniki ya macho. Ufunguo kaniachia mimi, kwa ajili ya kumwagilia maua ya dirishani.

Nimeosha kijiko.